Leseni ya Mwamuzi wa Sataranji Nairobi: Njia Yenyewe, Hatua kwa Hatua

Mzazi mmoja aliniuliza swali katikati ya raundi ya tano, kwenye ukumbi wa shule moja huku Eastlands, watoto zaidi ya mia wamenyamaza wanacheza: "Wewe nani amekupa mamlaka ya kumwambia mtoto wangu ameshindwa?" Aliuliza kwa hasira, lakini swali lilikuwa la haki kabisa. Nilikuwa nimevaa tisheti ya mwamuzi na sikuwa na leseni yoyote. Kanuni nilizijua kwa kucheza tu. Sikuwa na la kumjibu.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya yule anayetaka kuwa na jibu. Jibu lenyewe lina sehemu mbili. Ya kwanza ni karatasi: leseni, mtihani, cheo. Ya pili watu wengi huisahau: nani anaweza kukagua uamuzi wako, na mchezaji aliyeumizwa nao aende wapi. Mwamuzi aliye na leseni lakini hana wa kumkagua ni hatari zaidi kuliko mchezaji mdanganyifu, kwa sababu mdanganyifu huharibu mchezo mmoja, naye mwamuzi huharibu mashindano mazima.

Hatua ya kwanza: jua unaingia chini ya nani

Juu kabisa kuna FIDE, shirikisho la dunia, lililoanzishwa Paris tarehe 20 Julai 1924 na ambalo makao yake sasa yako Lausanne, Uswisi. Ndani yake zipo tume mbili zinazokuhusu moja kwa moja. Tume ya Waamuzi husimamia vyeo, seminari na mitihani. Tume ya Maadili na Nidhamu husikiliza mashtaka mazito, yakiwemo yanayowahusu waamuzi wenyewe.

Hapa nyumbani kuna shirikisho la taifa, Chess Kenya. Kila kitu unachotaka kutoka FIDE hupitia kwa shirikisho lako: namba ya utambulisho, leseni, maombi ya cheo. Huwezi kuruka ukaandika barua Lausanne mwenyewe ukategemea kupewa cheo. Kwa hiyo ukiwa na ugomvi na viongozi wa shirikisho, tafuta njia ya kuumaliza mapema, au angalau uweke mawasiliano yako nao katika maandishi yenye heshima.

Shirikisho nalo lina sheria juu yake. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 ilianzisha ofisi ya Msajili wa Michezo, na inataka mashirika ya michezo yasajiliwe, yawe vilabu, vyama vya kaunti au mashirika ya taifa. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyounda Baraza la Kuamua Migogoro ya Michezo. Nitalirudia mwishoni, maana ndiko rufaa inaweza kufika.

Hatua ya pili: fanya kazi za chini kwanza

Jiunge na klabu. Nairobi ina vilabu vya mtaani, vya vyuo vikuu na vya makampuni, na karibu kila wikendi kuna mashindano mahali fulani. Nenda kwa mwamuzi mkuu siku mbili tatu kabla, umwambie unataka kusaidia bila malipo. Utapewa kupanga meza, kubandika orodha za raundi ukutani, kukusanya karatasi za matokeo, kuhakikisha mfalme mweupe amekaa kwenye mraba mweusi. Usiidharau kazi hiyo. Humo ndimo utajifunza kutembea kati ya meza bila kumgusa mtu bega, na kusoma ubao ulio kichwa chini kwa sekunde moja.

Jifunze saa ya sataranji, ile inayohesabu muda wa kila mchezaji peke yake. Hii ni sehemu ambayo nasisitiza kuliko nyingine, kwa sababu niliwahi kuaibika. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa safu ya meza kumi niziwekee muda. Tisa niliziweka sawa, ya kumi nikaisahau nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua. Nilikuja kugundua mchezo uko kwenye hatua ya ishirini na kitu, mchezaji mmoja anatokwa jasho na hajui kwa nini muda wake unaisha upesi hivyo. Kanuni iko wazi: saa ikionekana imewekwa vibaya husimamishwa hapohapo, mwamuzi huweka mpangilio sahihi na kurekebisha muda kwa busara yake. Nilihesabu hatua zilizoandikwa kwenye karatasi zao, nikazidisha kwa sekunde 30, nikawarudishia wote wawili kiasi kilekile. Walikubali. Lakini yule aliyekuwa amekimbizwa na saa alikuwa ameshacheza hatua mbaya, na hatua haikurudishwa.

Tangu siku hiyo nafanya hivi, na nakuomba ufanye hivi: baada ya kuweka saa, bonyeza upande mmoja, subiri sekunde mbili, bonyeza wa pili, utazame kama muda umeongezeka. Fanya kwa kila meza, hata kama ziko hamsini. Kwenye saa za DGT 3000, ambazo utakutana nazo mara nyingi, kusahihisha muda katikati ya mchezo ni kusimamisha saa, kisha kushikilia kitufe cha katikati kwa sekunde tatu hadi tarakimu zianze kupepesa. Zoea kufanya hivyo nyumbani huku umefumba macho. Siku ya kazi kutakuwa na watu wawili wenye hasira wanakutazama vidole.

Hatua ya tatu: soma Kanuni za Sataranji, toleo linalotumika

Kanuni zinazotumika sasa zilianza tarehe 1 Januari 2023. Wachezaji wengi wakongwe hapa Nairobi bado wanacheza kwa kumbukumbu ya kanuni za zamani, na watakubishia kwa sauti kubwa. Weka nakala kwenye simu na nyingine ya karatasi mfukoni.

Anza na Ibara ya 12, inayoeleza kazi ya mwamuzi: kuhakikisha kanuni zinafuatwa, mchezo ni wa haki, mazingira ni mazuri, wachezaji hawasumbuliwi, na wenye ulemavu wanapata utaratibu unaowafaa. Ibara hiyo pia inakufunga mikono. Huruhusiwi kuingilia mchezo isipokuwa pale kanuni zinapokuruhusu. Huruhusiwi kumwambia mchezaji kwamba mwenzake ameshacheza, au kwamba amesahau kubonyeza saa yake. Mtoto wa gredi ya nne atasahau kubonyeza saa na muda utamwishia machoni pako. Utatamani kusema. Usiseme.

Kisha soma makosa yanayojirudia kwenye kumbi zetu. Hatua isiyo halali mara ya kwanza, mpinzani anaongezewa dakika mbili; mara ya pili kwa mchezaji huyohuyo, amepoteza mchezo, isipokuwa kama mpinzani hana namna yoyote ya kumfunga mfalme, hapo huwa sare. Kwenye mchezo wa kasi kabisa, ule wa dakika kumi kwenda chini, dakika mbili zinakuwa moja. Simu ikilia, mwenye simu amepoteza.

Kuna moja ambayo ni ya kwetu hasa. Seti nyingi za shule hazina malkia wa akiba. Mtoto anafikisha askari wake mstari wa mwisho, anapotakiwa kumbadilisha kwa kete kubwa, anatafuta malkia, hamwoni, anachukua ngome yake iliyokwisha kuliwa, anaigeuza kichwa chini na kubonyeza saa. Yeye anaamini ana malkia. Kikanuni ana ngome. Na yule anayemsukuma askari hadi mwisho akabonyeza saa bila kumbadilisha, amefanya hatua isiyo halali: askari anageuzwa malkia, na mpinzani anaongezewa muda. Alichopaswa kufanya ni kusimamisha saa na kukuita umletee kete. Nimewaona watoto wakilia kwa ajili ya jambo hili ambalo lingezuilika kwa kete mbili tu. Tembea na malkia wawili mfukoni, mweupe na mweusi. Na kabla ya raundi ya kwanza simama mbele, uwaambie wote kwa Kiswahili chepesi: "Ukikosa malkia, simamisha saa, inua mkono." Dakika moja hiyo itakuokolea kesi kumi.

Hatua ya nne: karatasi za mwanzo

Omba namba ya FIDE kupitia shirikisho kama huna. Mchezaji aliyewahi kuhesabiwa kwenye viwango vya FIDE, yaani alama za kupima uwezo wa wachezaji, tayari anayo, na ndiyo hiyohiyo utakayotumia kama mwamuzi. Jina liandikwe sawasawa na lilivyo kwenye kitambulisho au pasipoti. Mtu akiitwa hivi kwenye fomu moja na vile kwenye nyingine, maombi yake hukaa miezi.

Halafu leseni ya Mwamuzi wa Taifa. Hii ndiyo ngazi ya chini ambayo FIDE huitambua kwa leseni, na ada yake ni yuro 20, hulipwa mara moja kupitia shirikisho. Nani anastahili kuitwa Mwamuzi wa Taifa, hilo huamuliwa na shirikisho la nchi. Ukifanya kazi kwenye mashindano yanayohesabiwa kwenye viwango vya FIDE, leseni si hiari. Kwenye mashindano ya shule au ya mtaa yasiyohesabiwa, hakuna wa kukudai, lakini uwe na leseni hata hapo. Mzazi wa mtoto wa Kayole anastahili mwamuzi aliyefunzwa sawa na mchezaji wa mashindano ya Nairobi Open.

Naongeza jambo ambalo halimo kwenye fomu yoyote ya sataranji: chukua cheti cha tabia njema. Unaomba kupitia eCitizen, alama za vidole unapigwa Huduma Centre. Kazi yetu kubwa ni kati ya watoto, na nchi ina Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Shule ikikualika, iwe wewe unayetangulia kuwapa nakala kabla hawajaomba. Na jiwekee sheria yako: hukai na mtoto peke yake chumbani, hata kama unasikiliza malalamiko yake. Mlango wazi, mwalimu wake karibu.

Hatua ya tano: seminari na mtihani

Cheo cha kwanza cha kimataifa ni Mwamuzi wa FIDE. Lazima uwe umetimiza miaka 19, uwe umehudhuria seminari ya waamuzi inayotambuliwa na FIDE, na uwe umefaulu mtihani wake kwa asilimia 80 au zaidi. Seminari huchukua siku kadhaa. Zipo za ana kwa ana, na zipo za mtandaoni. Kama utachagua ya mtandaoni, fikiria stima na intaneti kabla ya kulipa: niliwahi kumwona mwenzangu akikosa nusu ya somo la siku ya pili kwa sababu ya stima kupotea Umoja, na alikuwa hajaweka hata simu chaji.

Seminari nyingi zinazotufikia hufundishwa kwa Kiingereza, lakini lugha haimwangushi mtu kama mazoea yanavyomwangusha. Mtihani hauulizi kanuni inasemaje. Unakupa kisa: mchezaji fulani amefanya hivi, mwenzake akafanya vile, saa inaonyesha dakika kadhaa, wewe unaamuaje na kwa ibara gani. Aliyezoea kuamua kwa "huwa tunafanya hivi" anaanguka. Njia yangu ya kujiandaa ilikuwa daftari. Kila tukio nililoliona ukumbini niliandika upande wa kushoto, upande wa kulia nikaandika ibara inayolihusu. Nilipofika kwenye mtihani, zaidi ya nusu ya visa nilikuwa nimeshavikuta kwa sura nyingine kwenye kumbi za South B na Kasarani.

Jifunze pia programu ya kupanga raundi. Swiss-Manager ndiyo utakayoikuta zaidi, na matokeo yake hupelekwa kwenye tovuti ya Chess-Results ili kila mtu ayaone. Usikubali kuitwa mwamuzi mkuu kama hujui mashine inapangaje. Mchezaji atakuja kukuuliza kwa nini amepewa kete nyeusi mara mbili mfululizo, na "kompyuta imeamua" si jibu la mtu mwenye leseni.

Hatua ya sita: nomu, kisha cheo

Nomu ni ushahidi wa maandishi kwamba umefanya kazi ya uamuzi kwenye mashindano fulani na umeifanya vizuri. Kwa cheo cha Mwamuzi wa FIDE unahitaji kazi katika mashindano yasiyopungua matatu yanayohesabiwa na FIDE, pamoja na ile seminari. Fomu inatiwa saini na mwamuzi mkuu wa mashindano husika, na shirikisho linaithibitisha.

Iombe saini siku ya mwisho ya mashindano, kabla ya meza kukunjwa. Waamuzi wakuu husafiri, hubadilisha namba za simu, husahau. Mimi natembea na fomu niliyokwisha kujaza kila kitu isipokuwa saini. Na ukiwa wewe ndiwe mwamuzi mkuu, usimsainie mtu aliyekaa nje anakunywa chai siku nzima, awe rafiki yako au ndugu yako. Saini yako inamwambia mtu wa nchi nyingine, asiyekujua, kwamba huyu anaweza kuaminiwa.

Cheo cha Mwamuzi wa Kimataifa kinafuata: miaka 21, nomu zaidi, na sharti kuhusu zinakotoka nomu hizo. Lengo la sharti hilo ni kwamba uonekane na macho tofauti. Baada ya cheo, waamuzi hupangwa katika madaraja, D hadi A, kulingana na uzito wa mashindano waliyosimamia, na ada ya leseni hupanda na daraja. Ukiwa ndiyo unaanza, haya yasikunyime usingizi.

Hatua ya saba: kabla ya kukubali kazi, uliza maswali manne

Leseni ikishapatikana simu zitaanza kuita. Hapa ndipo utawala bora unapoanza, na hapa ndipo wengi wetu tunateleza kwa sababu tunaona haya kuuliza.

Je, mashindano yamesajiliwa? Yanayotaka kuhesabiwa na FIDE husajiliwa na shirikisho kabla hayajaanza. Nilifanya kazi wikendi nzima kwa mwandalizi mmoja aliyetangaza kwenye bango kwamba matokeo yatahesabiwa. Alikuwa hajasajili. Wachezaji walikuwa wamelipa kiingilio kwa M-Pesa, wengine wametoka Nakuru na Thika kwa basi la alfajiri. Jumatatu walinipigia mimi, si yeye, kwa sababu jina langu ndilo lililokuwa kwenye karatasi. Na walikuwa na haki. Nilipaswa kuuliza, nikaona usajili mwenyewe, kabla ya kuwasha kompyuta. Sasa siwashi.

Je, nani ana pesa za zawadi, na nani anaamua? Mwamuzi mkuu asiwe mwandalizi, wala asiwe mwenye kugawa zawadi, wala asiwe kocha wa mchezaji anayezigombea. Nairobi hii ya vilabu vichache, mtu mmoja hufundisha shule tatu, huandaa mashindano na kuyaamua. Simlaumu, mara nyingi hakuna mwingine. Lakini kesi ya wanafunzi wake ikifika mezani kwake, hiyo ni kesi ya ngedere kumpelekea nyani. Kama huna budi, tangaza hadharani asubuhi: hawa na hawa ni wanafunzi wangu, kesi zao ataamua naibu wangu. Kisha uende mbali na meza zao.

Je, kamati ya rufaa ipo? Iwe imetajwa kwa majina na kubandikwa ukutani kabla ya raundi ya kwanza. Watu watatu au watano, wasiogawanyika nusu kwa nusu, pamoja na wa akiba wawili watakaoingia pale mjumbe anapohusika na kesi. Wasiwe wote wa klabu moja. Mwamuzi asiwemo, kwa sababu rufaa ni dhidi yake. Andika pia ada ya rufaa, muda wa kuwasilisha, na kwamba ada hurudishwa rufaa ikikubaliwa. Iwe ndogo. Ada inayomtisha mwanafunzi wa Kibera imeshamfungia mlango wa rufaa kabla hajafika.

Na je, malipo yako ni kiasi gani na yanatoka lini? Yaandikwe, hata kama ni kwa ujumbe wa simu. Mwamuzi anayedai pesa zake katikati ya mashindano huonekana mwenye njaa, na uamuzi wake unaanza kutiliwa shaka.

Hatua ya nane: unavyoamua, mezani

Nitakueleza kesi moja kama ilivyokuwa. Mvulana kainua mkono. Nimefika. Anasema msichana aligusa ngome, kisha akacheza farasi. Msichana kanyamaza. Kanuni ni kwamba kete uliyoigusa kwa nia ya kuicheza ndiyo utakayoicheza, isipokuwa kama ulitangulia kusema unairekebisha tu. Lakini mimi sikuona.

Kwanza nilisimamisha saa. Nikatazama muda wa pande zote mbili nikauandika kwenye kijidaftari. Pili nikamuuliza mvulana: baada ya yeye kugusa, wewe umegusa kete yoyote kwa nia ya kuicheza? Swali hilo ni muhimu, kwa maana aliyekwisha kugusa kete yake amepoteza haki ya kulalamika. Akasema hapana. Tatu nikachutama, macho yangu yakawa sawa na ya msichana, nikamuuliza kwa sauti ambayo meza ya pili haiwezi kusikia: "Ilikuwaje?" Si "Uligusa?" Ukimuuliza mtoto swali la ndiyo au hapana mbele ya mpinzani, atasema hapana.

Hapo sauti ikatoka nyuma: "Mwalimu, mimi nimeona! Hakugusa!" Mama wa msichana. Mtazamaji akiona jambo anaruhusiwa kumwambia mwamuzi peke yake, si kulitangaza ukumbini. Nilisimama nikamwendea, nikamwambia polepole: "Mama, naomba unisubiri pale mlangoni. Nikimaliza hapa nitakuja kukusikiliza." Alitoka. Ukimfokea mzazi mbele ya watu, ukumbi mzima unageuka kuwa baraza.

Niliporudi mezani msichana alikuwa ameangalia chini. Akaweka vidole viwili juu ya ngome, akasema, "Niliishika hivi. Halafu nikaogopa." Farasi akarudishwa, ngome ikachezwa, saa ikawashwa. Alishindwa mchezo ule. Nilikwenda mlangoni nikamweleza mama yake nilivyoamua na kwa kanuni gani, nikamwonyesha jina la kamati ya rufaa pale ukutani. Nikamwambia pia kwamba binti yake alisema kweli wakati uongo ungemfaa, na kwamba mimi nimeliandika hilo.

Kama msichana angekataa na hakuna ushahidi mwingine, ningeacha mchezo uendelee kama ulivyo na kukaa karibu na meza ile. Usiadhibu kwa kuhisi. Adhabu ziko za ngazi nyingi: onyo, kumwongezea mpinzani muda, kumpunguzia mkosaji muda, hadi kumtangaza ameshindwa au kumwondoa kwenye mashindano. Anza na ile ndogo inayotosha, isipokuwa pale kanuni yenyewe inapotaja adhabu. Na mchezaji akitaka kukata rufaa, mpe karatasi na kalamu wewe mwenyewe.

Hatua ya tisa: baada ya raundi ya mwisho

Chapisha msimamo, uache wachezaji waukague kabla ya zawadi kutolewa. Nusu saa inatosha. Jina lililokosewa au sare iliyoandikwa ushindi hugunduliwa hapo, na baada ya bahasha kufunguliwa hakuna anayetaka kurudisha kitu.

Mpangilio wa raundi usibadilishwe kumfaidi mtu, hata kama mwandalizi anakunong'oneza kwamba mgeni rasmi angependa kuona fainali ya fulani na fulani. Kubadilisha raundi ili mtu apate nomu au afuzu ni jambo linaloweza kupelekwa FIDE hadi kwenye nidhamu. Hifadhi nakala ya faili ya kila raundi, kwenye kompyuta na kwenye flashi, ili ukiulizwa uweze kuonyesha mashine ilipanga nini na saa ngapi.

Andika ripoti usiku huohuo. Iwe na orodha ya waamuzi na leseni zao, matukio yote na uamuzi wake, rufaa na matokeo yake, saa zilizoharibika. Peleka kwa shirikisho pamoja na faili ya matokeo. Kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019: namba za simu za wazazi na tarehe za kuzaliwa za watoto hazibandikwi ukutani wala hazirushwi kwenye kundi la WhatsApp.

Na mtu akikushtaki wewe? Mpokee kwa ripoti yako. Malalamiko dhidi ya mwamuzi huanzia kwa shirikisho. Ya kimaadili yaliyo mazito yanaweza kufika FIDE. Mgogoro ukishindikana ndani ya shirikisho, Baraza la Kuamua Migogoro ya Michezo lina mamlaka ya kusikiliza rufaa pale kanuni za shirikisho zinapoiruhusu, au pale pande zote mbili zinapokubaliana kulipelekea. Nimewasikia waamuzi wenzangu wakiona rufaa kama tusi. Mimi nashukuru ipo. Mara moja kamati ilinigeuza, na walikuwa sahihi, mchezaji akapata nusu alama yake.

Leseni yako nayo ina uhai. Mwamuzi asiyefanya kazi yoyote kwa miaka miwili huhesabiwa hayupo kazini, na leseni yake haitumiki tena hadi afuate utaratibu wa kuirudisha. Weka daftari la kila mashindano: tarehe, mahali, nafasi yako, jina la mwamuzi mkuu. Kila Januari ingia kwenye ukurasa wako wa FIDE, utazame kama leseni bado inasomeka hai, na kama kanuni mpya zimetolewa. Kisha uichapishe ile kurasa moja, uikunje, uiweke kwenye mfuko wa tisheti, upande mmoja na wale malkia wawili.